Umeme Mtulivu kwa Foni ya Ziwani

Vijana wa kituo, mliniomba niwaandikie namna lile sanduku zito lilivyozaliwa, lile ambalo kila anayehamisha meza hulilaani. Nimestaafu majuzi tu, na mke wangu ameshachoka kuniona nikifungua pasi ambayo haijaharibika, kwa hiyo muda ninao. Habari za vyeo naziacha. Mnazijua, na vingi havikuwa vyangu.

Nilianza kazi hapa Gisenyi, mpakani na Goma, nikiwa kijana niliyerudi na wazazi kutoka Karagwe, upande wa Tanzania. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa redio na Kiswahili ambacho sokoni kilichekwa kuliko viatu vyangu. Kituo kilikuwa chumba kimoja juu ya gati, paa la bati, dirisha moja likitazama ziwa. Kazi yake ilikuwa hii hii mnayoifanya ninyi: kuongea na maboti ya abiria na mizigo yanayokwenda Nyamyumba na kusini zaidi, kujua nani ametoka, nani amefika na nani amenyamaza. Simu za mkononi zilipoenea watu walisema foni, yaani ile redio ya kuongelea, imekwisha kazi. Lakini ukipita nyuma ya milima ile mtandao unakukimbia, na foni haijakwisha kazi mpaka leo.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Espérance, mwendesha foni, mwanamke mwembamba wa hapa hapa mjini, nywele zake zimelala upande mmoja kwa kubanwa na kisikilizio.

"Ni we fundi mupya?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, dada. Shikamoo."

"Shikamoo ni ya wazee. Unaniona niko muzee?"

Nikaanza kuomba radhi. Akanyoosha mkono kuninyamazisha, akanipa kisikilizio cha pili. "Kaa hapa. Usiguse kitu. Kwanza sikiliza."

Nilisikiliza mpaka jua likapanda. Mimi nilisikia mchanga unamwagwa kwenye bati. Yeye, ndani ya mchanga ule ule, alisikia kwamba boti la vitunguu limechelewa, kwamba mwenye boti fulani amegombana na mkewe, na kwamba Bosco, nahodha mmoja kijana wa Nyamyumba, leo ana mafua. Bosco alipofika gatini mchana nilishuka kumtazama. Alikuwa anapenga kamasi. Tangu siku hiyo sikuwahi kubishana na Espérance juu ya jambo lolote lililopita masikioni mwake, na nawashauri mkipata mwenzenu wa namna ile msibishane naye pia.

Wakati huo foni ilikula umeme wa betri ya lori. Tulikuwa na betri kadhaa, moja mezani, nyingine kwa mchajishaji, nyingine mgongoni mwangu njiani. Halafu tukapata foni mpya yenye nguvu zaidi. Ukisikiliza tu, ilikunywa umeme kidogo kama mgeni mwenye haya. Ukibonyeza kitufe na kuongea, ilivuta ampea zaidi ya ishirini kwa mkupuo, na betri zetu kuukuu zikazimia.

Mkuu wetu, Bwana Kalisa, alikuwa askari mstaafu aliyekulia Uganda, mtu wa kupenda mambo yaishe. Akavuka mpaka, akarudi na kisanduku cha kubadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme wa betri. Kilikuwa chepesi kama mkate. "Problem finished," akasema, akakiweka mezani.

Kumbe shida ndiyo ilikuwa inaanza. Visanduku vya aina ile hukatakata umeme vipande vipande, kwa kasi isiyoonekana, kisha huviunganisha tena. Vizuri vyake hufanya hivyo kimya kimya. Vya rahisi hupiga kelele, na kelele yenyewe huingia moja kwa moja kwenye redio. Maboti ya karibu tuliyasikia. Ya mbali yalizama ndani ya mvumo kama wa nyigu. Jioni moja tukapata habari kwamba boti la wavuvi wa isambaza, dagaa wa ziwa hili, lilikuwa limetuita mchana kutwa, injini imekufa, na wakaokolewa na wenzao waliopita kwa bahati. Sisi tulikuwa tumekaa pale pale, foni imewashwa, hatukusikia hata neno.

Espérance alivua kisikilizio, akakiweka juu ya faili za Kalisa.

"Chef, mi siwezi fanya hii kazi," alisema. "Nasikia teksi za Goma. Watu yetu siwasikie."

Kalisa akanitazama mimi. "Fundi, unaweza?"

Nikasema naweza. Shuleni nilikuwa nimejenga kimoja kidogo cha kuendeshea kaseti. Kutoka pale hadi ampea thelathini ni kama mtu aliyewahi kufuga kuku aambiwe achunge ng'ombe, lakini hilo nililijua baadaye.

Nilichotaka ni umeme uliotengenezwa kwa njia ya zamani: transfoma kubwa ya kushusha umeme wa ukutani, daiodi za kuuelekeza upande mmoja, kapasita za kuutuliza mawimbi, halafu safu ya transista za kuushikilia kwenye volti ile ile, utumie kidogo au utumie mwingi. Njia hiyo inapoteza umeme mwingi kwa joto, na uzito wake unavunja meza. Lakini haipigi kelele.

Transfoma ya ukubwa ule haikuwa inauzwa popote mjini, kwa hiyo nilienda mtaa wa Mbugangari kwa Maman Zubeda. Ukoo wake ni wa wafanyabiashara Waislamu walioko mji huu tangu zamani, ila baba yake alipenda mota kuliko duka, na karakana ya kusuka nyaya za mota ikamwangukia binti. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na alijivunia vanishi yake kiasi kwamba alikuwa akikunusisha kabla hujaketi.

"Karibu, Mutanzania," alisema. "Leo umeniletea maneno gani ya kitabu?"

"Maman Zubeda, nahitaji transfoma itakayotoa volti kumi na nane na ampea thelathini bila kuchemka."

Akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri pampu yake. "Umesikia? I-ta-ka-yo-to-a! Huyu mutu akiomba maji, tunakufa kiu mbele ya kumaliza." Halafu kwangu: "Bon. Chuma iko wapi?"

Chuma nilikuwa nacho. Nilikuwa nimeomba mashine ya kuchomelea iliyoungua kwa mtengeneza milango karibu na Grande Barrière, kituo kikubwa cha mpakani, nikaja nayo kwenye piki, mwenye piki akinuna njia nzima. Maman Zubeda aliigonga kwa nyundo ndogo, akainusa.

"Chuma iko muzuri. Ni fil ndiyo imekufa, hizi nyaya. Nitabobina, nisuke yote upya. Na nitaweka ncha ingine upande wa kuingizia."

"Ya nini?"

"Ya siku ya mvua. Umeme ya hapa ikishuka, utahamisha fil moja tu kwa ile ncha, na transfo itakupa nguvu kama kawaida. Lakini umeme ikirudia juu, urudishe fil. Ukisahau kitu ingine yote, usisahau hiyo, sababu itachemka mpaka upike ndizi."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu na ncha hiyo haikuwemo, lakini waya ulikuwa wake na nyundo ilikuwa mkononi mwake. Alipomaliza, kazi ile ilikuwa safi hata nilisita kuifunika: waya wa shaba mnene kama penseli umelala safu kwa safu, karatasi kati yake, vanishi inang'aa kama chapati iliyopakwa mafuta.

Kapasita nilizitoa kwenye mitambo ya simu iliyotupwa, kila moja sawa na kopo la maziwa ya unga. Hizo ziogopeni. Hushika umeme hata baada ya kuzima, na ndiyo sababu mtakuta kizuizi, yaani rezista, kimefungwa juu yake cha kuumwaga polepole. Msikiondoe mkidhani kimewekwa kwa urembo.

Transista ndizo zilizoninyoosha. Niliziweka sita sambamba kwenye bamba la aluminiamu lenye mapezi ya kupozea, nikitegemea zitagawana mzigo kama ndugu. Hazikugawana. Moja ikipata moto kuzidi wenzake, inapitisha umeme zaidi. Ikipitisha zaidi, inazidi moto. Na ikifa, inaiachia inayofuata urithi wote. Nilisikia tik, nikasubiri, nikasikia tik nyingine. Dawa yake ni kuipa kila transista kizuizi kidogo mguuni, ili yenye tamaa ijizuie yenyewe. Vizuizi vya aina ile sikuvipata, nikavikata kwenye koili ya jiko la umeme lililokufa, vipande vya urefu sawa, nikavibana kwa skrubu kwa sababu risasi ya kuunganishia haishiki kwenye waya ule. Hivyo vidude mnavyoviona vimejikunja kama minyoo ndivyo hivyo. Vinafanya kazi.

Ili kujaribu mzigo mzima nilitumbukiza koili iliyobaki kwenye beseni la maji, nikaunga ncha zake kwenye sanduku, nikakaa na mita. Sindano ilisimama penye volti zake kama imepigiliwa msumari. Maji yakaanza kutoa mvuke, kisha kuchemka. Espérance akaja kutazama.

"Yewe! Umetuletea maji ya moto ya Nyamyumba, yale yanatoka chini ya ardhi, mpaka huku," akasema, akataka kujua kama anaweza kufulia.

Hapo Kalisa alitaka tuunge foni siku ile ile. Mvua zilikuwa zimekaribia, na kila upepo ulipovuma alikuwa anatazama dirishani. Espérance ndiye aliyeuliza swali.

"We fundi, hii kitu ikikufa, inakufa yenyewe peke yake, ao inakufa na foni yangu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini. Transista hizi zikifa, mara nyingi hufa zikiacha mlango wazi, na ule umeme wote wa nyuma, karibu mara mbili ya unaotakiwa, unaingia kwenye foni. Na foni ilikuwa moja tu.

"Ikifa leo, inakufa na foni," nikasema. "Bado sijaweka mlinzi."

"Look, fundi," alisema Kalisa, "sanduku linafanya kazi. Nimeona maji yanachemka. Watu wako ziwani sasa."

"Afande, nikikuunganishia hivi, siku likiharibika hutakuwa na sanduku wala foni. Nipe nafasi nimalize."

Alinikunjia uso kama anavyowakunjia waliochelewa gwaride. Kisha akachukua kofia yake akatoka, na hakurudi kuuliza mpaka nilipomwita. Mlinzi mwenyewe ni kitu kidogo: kipande kinachokaa kimya mlangoni, na volti zikizidi mpaka uliouweka, kinaunganisha chanya na hasi kwa nguvu ili fyuzi ikatike kabla foni haijadhurika. Nilikijaribu kwa makusudi mbele ya wote wawili. Kikalia pa! fyuzi ikaungua, Kalisa akaruka, na taa ndogo niliyoiweka mahali pa foni ikabaki nzima. Ndipo tukaunga.

Espérance alivaa kisikilizio, akafumba macho. Tulisimama nyuma yake kama wakwe.

"Kimya," alisema. Baadaye kidogo akatabasamu. "Mana yanjye, Mungu wangu. Niko nasikia mutu anapumua."

Mvua kubwa ilikuja wiki chache baadaye, mchana, baada ya chakula. Ziwa lilibadilika rangi kwanza, halafu upepo ukatua juu ya bati. Maboti mengi yalikuwa yameshaingia. La Bosco lilikuwa bado, limebeba wachuuzi waliotoka kununua karoti na vitunguu kusini. Espérance alimwita, akamwita tena. Kisha akainua kidole, tukanyamaza wote.

"Namusikia. Mashini imeingia maji. Betri ya foni yake nayo iko inakufa."

Mimi kwenye kisikilizio cha pili nilisikia uzi wa sauti, mwembamba, unakatika na kuungana. Alikuwa anasema upepo unawasukuma kwenye mawe. Espérance akamwuliza anaona nini ufukweni. Kabla jibu halijaisha, mngurumo mnene ukaingia masikioni, mmm, kama lori limeegeshwa ndani ya kichwa. Nikatazama mita. Umeme wa mji ulikuwa umeshuka vibaya, transista hazikuwa tena na cha kushikilia, na mawimbi yote yakapita moja kwa moja hadi kwenye foni.

"Dada, lazima nizime nihamishe waya."

"Na nikimupoteza?"

"Tukiacha hivi tumeshampoteza."

Alibonyeza kitufe. "Bosco, tunazima kidogo. Usiende. Tunarudia sasa hivi." Hatukujua kama amesikia. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, nikazima.

Chumba kilikuwa na giza la mawingu. Kalisa alinishikia tochi. Nililegeza skrubu ya waya wa kuingizia na skrubu ikaniponyoka, ikagonga sakafu, ikakimbia. Kalisa, mtu mzima na tumbo lake, alilala kifudifudi chini ya meza na kuipata karibu na ukuta. Nikahamisha waya kwenye ncha ya Maman Zubeda, nikakaza, nikawasha. Mngurumo ulikuwa umekwisha.

"Bosco, Bosco, niko hapa. Sema."

Uzi ule ukarudi. Mwembamba vile vile, lakini peke yake, bila kitu kingine.

"...kanisa yenye paa nyekundu... nyuma yake mulima wamekata mawe..."

"Napajua," alisema Espérance, na tayari alikuwa anamwelekeza Kalisa. Kalisa akapiga simu kwa wenye boti la uokoaji, akawatukana kwa lugha tatu mpaka wakang'oa nanga.

Kisha umeme wa mji ukaanza kupanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Ulipopanda, mapezi ya aluminiamu yalipata moto hata hayakugusika kwa mkono. Kurudisha waya kungetaka kuzima tena, na Espérance alikuwa akiongea na Bosco bila kukoma. Basi Kalisa akachukua kifuniko cha beseni, akapiga goti mbele ya sanduku na kulipepea, kama mama wa mishikaki anayechochea makaa. Alipepea mpaka jasho likalowesha shati lake lote, na alipochoka mkono mmoja akahamia mwingine. Hakuruhusu mtu ampokee.

Boti la uokoaji lilifika. Walitoka wote, mmoja amevunjika mkono, vitunguu vyote vimebaki ziwani. Espérance alivua kisikilizio, akaenda kusimama nje kwenye mvua, na sisi tukamwacha.

Siku ya pili yake nilienda Mbugangari kumweleza Maman Zubeda habari ya ncha yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka.

"Fil umerudisha?" akauliza.

Nikaondoka mbio.

Baada ya hapo sanduku lilituhudumia miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Nilibadilisha kapasita zilipovimba vichwa, nililiongezea feni ya kulipepea, na mlinzi alikata fyuzi mara moja kwa haki kabisa. Sasa mna vifaa vipya, vyepesi na vitulivu, na mimi mwenyewe ndiye niliyewachagulia. Maman Zubeda alifariki na wajukuu wake wanauza rangi. Espérance alistaafu kabla yangu, anafuga nyuki, na anadai anajua malkia amekasirika kabla hajafungua mzinga.

Katika wiki yangu ya mwisho alikuja kuniaga Bosco. Siku hizi ana mvi na anasimamia mizigo upande wa Goma. Tuliketi gatini, tukaongea ya watoto, na bila mimi kumwuliza akaanza kueleza siku ile.

"Fundi, ile wakati mulizima, nilisikia Maman Espérance amesema 'usiende', kisha kimya. Watu walikuwa wanataka kusimama, boti inalala upande. Wakisimama, tumekwisha. Donc nikaendelea kuongea na foni. Nasema, 'Ndiyo, Maman. Sawa, Maman. Nawaambia wakae chini.' Hakuna mutu. Niko naongea na upepo. Wakakaa."

"Hukuwahi kutuambia."

"Nilikuwa na haya. Niliwadanganya watu mbele ya kifo." Alikwaruza ukucha kwenye jiwe la gati. "Kisha mwaka jana nikakutana na mama mumoja wa wale wachuuzi, ule alikuwa amekaa karibu yangu. Nikamwambia, mama, unisamehe, ile siku hakuna mutu alinijibu. Akacheka. Akasema, 'Bosco, ile taa ya kijani ya foni yako ilikuwa inawaka kila mara Maman anaongea. Nilikuwa naiangalia. Ilizimika.'"

"Alijua?"

"Alijua yote. Ndiye alikuwa wa kwanza kukaa chini. Akamuvuta na jirani yake kwa nguo, akamwambia, 'Kaa, umesikia Maman wa foni amesema nini.'"